MOGAMBO: JINA, SAUTI NA UWAKILISHI WA WAAFRIKA KATIKA FILAMU YA MAPENZI YA MWAKA 1953

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watu wa Afrika walivyowakilishwa katika filamu ya mapenzi iitwayo Mogambo, iliyotolewa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani mwaka 1953. Filamu hii imekwisha kuandikiwa mengi na wahakiki wa sinema, hasa kwa sababu ya mwongozaji wake, John Ford, na waigizaji wake mashuhuri, Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Sisi tunaojishughulisha na lugha tunayo sababu nyingine ya kuitazama. Filamu hii inadai kusema Kiswahili kwa neno lake la kwanza kabisa, yaani jina lake, kisha haimpi Mwafrika nafasi ya kusema neno lenye uzito hadi mwisho wa hadithi.

Hoja yetu ni kwamba wingi wa watu mbele ya kamera si uwakilishi. Watu wa mataifa mengi ya Afrika walipigwa picha katika filamu hii, pengine kuliko filamu yoyote ya mapenzi ya wakati wake. Lakini uwakilishi huanza pale mtu anapoitwa kwa jina lake na kusikika kwa sauti yake, na kwa kipimo hicho Mogambo ilipungukiwa.

Tutaitazama filamu hii kutoka Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hadithi yenyewe inawataka wahusika wake waingie katika msitu mkubwa wa mvua, na Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee kilichosalia nchini Kenya cha msitu wa aina ya Kongo. Ya pili, iliyo na uzito zaidi, ni kwamba katika miaka ileile ya katikati ya karne, wenyeji wa wilaya hii walikuwa katika mjadala mkali juu ya jina lao wenyewe na lugha yao ya kuandikia. Kwa hiyo Kakamega inatupatia kipimo cha jambo ambalo filamu ililipita bila kuliona.

Hadithi iliyohamishwa

Kwanza yafaa ieleweke kwamba hadithi ya Mogambo haikuzaliwa Afrika. Chanzo chake ni mchezo wa jukwaani wa Wilson Collison, ambao ulikwisha kufanywa filamu na kampuni hiyohiyo mwaka 1932 kwa jina la Red Dust. Katika filamu ile ya kwanza mambo yote yalitokea kwenye shamba la mpira huko Indochina, na mwanamume mkuu alikuwa Clark Gable huyuhuyu. Baada ya miaka 21, mwandishi John Lee Mahin, ambaye ndiye aliyeandika pia ile ya kwanza, aliihamishia hadithi Afrika ya Mashariki. Mpira ukawa wanyama wa porini, na Wahindi-China wakawa Waafrika. Mapenzi ya watu watatu yalibaki kama yalivyokuwa.

Kwa ufupi, Victor Marswell ni mwindaji anayekamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama. Kambini kwake anafika mwanamke Mmarekani, Eloise Kelly, na mapenzi yanaanza. Kisha wanafika mume na mke Waingereza, Donald na Linda Nordley, na Marswell anavutwa na mke wa mgeni wake. Safari ya kwenda kuwatafuta gorila ndiyo inayoukuza mgogoro hadi risasi inapolia. Wahusika wote wanaoubeba mgogoro huu ni Wazungu: wanaopenda, wanaosaliti, wanaoona wivu na wanaosamehe.

Hadithi inayoweza kung'olewa Asia na kupandikizwa Afrika bila kupoteza jani hata moja haikuwa na mizizi katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Nchi ni vazi tu. Tena liko jambo dogo ambalo mwanafunzi wa utamaduni hawezi kuliacha. Donald Nordley katika hadithi ni mtaalamu wa elimu ya binadamu. Mtu ambaye kazi yake ni kuwachunguza wanadamu anafunga safari kutoka Ulaya, anapita katikati ya vijiji na watu wenye lugha zao, akienda kuwarekodi gorila. Sidhani kwamba waandishi walikusudia kejeli hapo, lakini kejeli imo.

Jiografia ya filamu ni ya namna hiyohiyo. Sehemu zake zilipigwa Kenya, Tanganyika penye mto Kagera, na Afrika ya Kati ya Kifaransa, na sehemu za ndani zikamaliziwa studio huko Uingereza. Vipande hivi viliunganishwa vikawa nchi moja ambamo mtu hutoka mbuga kavu za Wasamburu akafika penye gorila kwa safari moja. Mtu wa Kakamega anaweza kuupima ukweli wa picha hiyo bila kufungua kitabu. Msitu wa kwao, uliotangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, unayo miti na ndege wa jamii ya Kongo, unao mbega na kima, lakini gorila hawamo. Kenya haina gorila wa porini.

Neno 'Mogambo'

Sasa tuligeukie jina. Maelezo yaliyoenea pamoja na filamu ni kwamba mogambo ni neno la Kiswahili lenye maana ya shauku ya mapenzi. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuambiwa kwamba sivyo. Katika Kiswahili, kiambishi awali cha kale *mu- kimefupika kikawa m- mbele ya konsonanti: mtu, mti, mkono, mgeni. Umbo la mo- hupatikana katika lugha nyingine za Kibantu, kama vile Kilingala na Kitswana, bali halimo katika ngeli zetu. Wala shauku, mapenzi, mahaba, ashiki au huba, maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa wingi, hayana uhusiano wowote na shina hilo.

Masimulizi ya Hollywood yanaeleza kwamba mtayarishaji Sam Zimbalist alilipata jina hili kwa kubadili herufi moja ya Mocambo, klabu ya usiku iliyofunguliwa huko mwaka 1941 na kupendwa na waigizaji. Ikiwa ndivyo, basi neno lilitoka klabuni likavishwa kanzu ya Kiswahili na kurudishwa Afrika kama mali yetu. Wakati huo haikuwa vigumu kuuliza. Kamusi ya Frederick Johnson ilikwisha kuchapishwa mwaka 1939, na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikifanya kazi zake hapahapa. Mwaka 1952 ndipo ilipohamia Makerere. Hata pasipo kamati, mzee yeyote wa Mumias, mji wa Nabongo Mumia ambako misafara ya Waswahili ilikuwa ikipiga kambi tangu karne ya 19, angeweza kueleza kwamba neno hilo halijui.

Lakini neno lililookotwa linaweza kumzidi maarifa aliyeliokota. Kiswahili kina mgambo, yaani wito wa hadhara, na methali yetu yasema: la mgambo likilia kuna jambo. Lile 'la' ni la baragumu ambalo halitajwi kwa kuwa kila mtu analijua. Huko Tanzania neno hili lilipanuliwa likawa jina la jeshi la wananchi. Tukiwageukia majirani, tunakuta katika Kiganda na Kihaya kitenzi -gamba chenye maana ya kusema. Na katika Kikuyu liko neno mũgambo, ambalo irabu yake ya kwanza, ijapoandikwa kwa herufi ya u yenye alama, hutamkwa karibu sana na o. Mkikuyu akilitamka, sikio la mgeni litasikia mogambo. Maana yake ni sauti.

Mfanano huu haushangazi kwa wanaisimu wa Kibantu, wala hatudai kwamba ndio uliokuwa akilini mwa Zimbalist. Tunachosema ni kwamba filamu iliyokusudia kuitwa 'shauku' kwa lugha isiyo na neno hilo iliishia kuitwa 'sauti' kwa lugha ya watu waliokuwa jirani ya kambi zake. Nao watu hao, katika miezi hiyohiyo, walikuwa wakinyimwa sauti. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952; upigaji wa filamu ulianza mwezi uliofuata. Magazeti ya Kikuyu yalipigwa marufuku, na viongozi wakatiwa kizuizini. Katika Kenya ya Mogambo mambo hayo hayapo, na hatari pekee ni ya wanyama na wenyeji wenye mikuki.

Makabila manne katika orodha

Mwanzoni mwa filamu, pamoja na majina ya waigizaji, yametajwa makabila manne: Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo ya Kibelgiji, Wahaya wa Tanganyika, na Wambeti wa Afrika ya Kati ya Kifaransa. Mtu anaweza kusema kwamba hii ilikuwa heshima. Filamu nyingi za wakati ule ziliwatumia Waafrika bila kuwataja hata kwa mkupuo, na John Ford mwenyewe alikwisha kuwatumia Wanavajo wa Marekani kwa miaka mingi katika filamu zake za magharibi. Hatuna budi kuikubali hoja hiyo kwa kiasi chake.

Hata hivyo tuitazame orodha yenyewe kwa jicho la mwanaisimu. Wasamburu wameandikwa bila kiambishi chochote. Wagenia wamepewa wa- ya Kiswahili, kwa sababu Waenya, wavuvi wa maporomoko ya mto Kongo karibu na Kisangani, walijulikana kwa wageni kupitia Kiswahili cha wafanyabiashara. Wahaya wameandikwa Bahaya, kwa ba- inayokaribia jinsi wanavyojiita wenyewe. Wambeti wametiwa M na alama ya kukata, mtindo wa Wazungu wa kuandika sauti ambayo masikio yao hayakuizoea. Majina manne yamefuata kanuni nne. Aliyeandika aliyaokota kila moja kutoka kinywa cha mkalimani aliyekuwa karibu naye, na hakuona haja ya kuyalinganisha, kwa sababu kwake yalikuwa kitu kimoja: Afrika.

Tena orodha hii ina tofauti kubwa ya kipimo. Upande mmoja, mtu mmoja ana jina lake moja: Gable, Gardner, Kelly. Upande wa pili, jina moja ni la maelfu ya watu. Aliyepiga kasia, aliyecheza ngoma na aliyebeba mzigo kichwani wamemezwa na neno 'kabila'. Waigizaji wawili wa kike waliteuliwa kushindania tuzo za Akademi kwa kazi yao katika filamu hii, na ni haki yao. Lakini kabila haliteuliwi kwa tuzo wala kutafutwa kwa kazi ya pili. Jina la jumla, hata linapotajwa kwa shukrani, linaweza kuwa njia ya kumsahau mtu.

Kakamega: watu waliojitafutia jina

Hapa ndipo historia ya Kakamega inapotufaa. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, wenyeji wa wilaya hii waliitwa 'Wakavirondo wa Kibantu', ili watofautishwe na Wajaluo walioitwa 'Wakavirondo' wa namna nyingine. Jina hilo lilitoka nje, na wenyeji hawakulipenda. Lilipogunduliwa dhahabu Kakamega mwaka 1931, walowezi wakamiminika, na mwisho wa mwaka 1932 sheria ya ardhi za wenyeji ikabadilishwa ili ardhi iweze kukatwa kwa ajili ya migodi bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Watu wakaona kwamba asiye na jina moja hana kinywa kimoja cha kudai haki yake.

Katika miaka ya 1930 na 1940, vyama vya wilaya vilianza kulitumia jina Abaluyia kwa ajili ya makundi yote: Wanga, Bukusu, Maragoli, Isukha, Idakho, Marama, Kisa, Nyore, Tiriki, Kabras na wengineo. Jina hili linahusishwa na oluyia, mahali pa moto ambapo wazee wa ukoo hukutana. Ni jina la watu wanaozungumza wakizunguka moto. Halikukubaliwa kwa siku moja. Kamati ya lugha iliundwa ili kupata namna moja ya kuandika, na L. L. Appleby wa misheni ya Kianglikana akachapisha sarufi yake mwaka 1947. Wamaragoli, waliokwisha kuwa na maandishi yao kwa msaada wa misheni ya Kikweka, hawakuridhika kumezwa na lahaja za wengine. Wabukusu nao walikuwa na malalamiko yao. Swali lilikuwa: je, umoja wa jina utaziua sauti za walio ndani yake?

Msomaji ataona kwamba hili ndilo swali la orodha ya Mogambo likiulizwa kutoka upande wa pili. Kakamega nako palikuwa na makundi mengi chini ya jina moja. Tofauti ni kwamba wenye jina walikuwamo barazani. Waliweza kulikubali, kulikataa, kulibishia tahajia yake, na hata kukataa kitabu kilichoandikwa kwa lahaja isiyo yao. Mabishano yale, ambayo watawala waliyaona kuwa kero, yalikuwa uwakilishi wenyewe ukitendeka. Katika filamu hakuna Msamburu aliyepata nafasi ya kubishia tahajia.

Sauti zilizosikika na sauti zilizozimwa

Si kwamba Waafrika hawasikiki katika Mogambo. Filamu hii ina jambo moja la ajabu kwa wakati wake: haikutegemea muziki wa okestra kubwa kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood, bali ilitumia nyimbo na ngoma za Kiafrika. Kwa hiyo sauti zetu ndizo zinazobeba huzuni na hofu ya mapenzi ya Wazungu. Lakini nyimbo hizo hazikufasiriwa. Mtazamaji hajui kama waimbaji wanaomboleza, wanamsifu mtu au wanamcheka bwana safari. Wimbo umefanywa upepo: unasikika, wala hauulizwi unasema nini. Mtu wa Kakamega aliyekulia katika isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, anajua kwamba wimbo wa harusi si wa msiba, na kuuchanganya ni kuwakosea wenyewe.

Wageni waliweza kujifunza walipotaka. Donald Sinden, aliyeigiza mume wa Linda, alisimulia baadaye kwamba Grace Kelly alijifunza Kiswahili kabla ya kazi kuanza, akaweza kuagiza chakula kwa lugha hiyo hotelini Nairobi. Kisa hiki kinampa sifa mwigizaji, na kinaonyesha pia mpaka wa Kiswahili katika dunia ile: lugha ya kuagizia chakula na kuamrisha wapagazi. Haikufikiriwa kuwa lugha ambayo mtu aweza kumwambia mwenzake kwamba anampenda, ingawa filamu ilitangazwa kwa jina la shauku iliyodaiwa kuwa ya Kiswahili.

Nguvu ya maneno katika filamu ilionekana wazi huko Hispania. Wachunguzi wa serikali ya Franco hawakutaka watu waone mke wa mtu akipendana na mwanamume mwingine. Katika kuingiza sauti za Kihispania, wakawafanya Donald na Linda kuwa kaka na dada. Picha haikubadilika, ila maneno. Matokeo yake ni kwamba watazamaji walimwona kaka na dada wakiishi kama mume na mke, aibu kubwa kuliko ile iliyofichwa. Ikiwa maneno machache yanaweza kugeuza undugu, basi kumnyima mtu maneno kabisa ni kumwachia mtazamaji amfanye atakalo.

Huenda mtu akasema kwamba katika mwaka 1953 haikuwezekana kufanya vingine. Jibu liko Tanganyika. Kiasi cha mwaka mmoja tu kabla ya Mogambo kutoka, serikali ya huko ilitoa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa. Filamu ile ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni na ilijaa mafundisho. Lakini mhusika wake alikuwa Mwafrika, alizungumza lugha yake, na aliyemwigiza alijulikana kwa jina. Mnamo Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sinema haikumfanya kiongozi, bali ni kweli pia kwamba watu walikwisha kuizoea sauti yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Mogambo ilikusanya Waafrika wa nchi nne bila kumwakilisha hata mmoja, na kwamba jina lake ni ushahidi wa jambo hilo. Katika miaka hiyohiyo, watu wa Kakamega walithibitisha kwamba wingi wa makundi chini ya jina moja si udhalimu kwa lazima, mradi wenye jina wawe na nafasi ya kulijadili. Neno lenyewe limeendelea na safari yake. Mwaka 1987 liliibuka Bombay likiwa jina la mwovu katika filamu ya Kihindi Mr. India, na vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wanalijua kwa njia hiyo tu. Kenya nayo ilianza kujibu kwa filamu zake, kama Kolormask ya Sao Gamba ya mwaka 1986, inayohusu ndoa ya Mkenya na Mwingereza.

Iko kazi ambayo idara za lugha zaweza kuifanya, na haihitaji fedha nyingi. Nyimbo na maneno ya Kiafrika yaliyomo katika Mogambo yangali yanasikika kama siku yaliyorekodiwa. Yanukuliwe yote, yagawiwe wasemaji wa Kisamburu, Kienya, Kihaya na Kimbete, yafasiriwe mstari kwa mstari, na palipo na lahaja pabainishwe. Mwanafunzi wa Kakamega, ambaye wazee wake walibishana juu ya herufi za jina lao, ataielewa kazi hiyo upesi. Hatutayapata majina ya waimbaji wote. Tutapata walichosema, na hapo filamu iitwayo 'sauti' itaanza kuwa na maana kwetu.